Sindano na Ushahidi: Historia ya Mifarishi ya Viraka

Kila utafiti wa historia huanza na maswali matatu: nani aliona, nani aliandika, na nani alihifadhi? Kwa wafalme, mabalozi na mabwana wa mashamba makubwa, majibu hupatikana kwa wepesi, kwani wao waliacha mikataba, barua na madaftari ya hesabu. Ama kwa mwanamke aliyeshika sindano usiku baada ya kazi za mchana, na ambaye hakupewa nafasi ya kushika kalamu, ushahidi uliosalia mara nyingi ni nguo. Nayo nguo huchakaa, huliwa na nondo, na mwisho hugeuzwa tambara. Ndiyo maana historia ya mifarishi ya viraka nchini Marekani ilichelewa kuandikwa, na ilipoanza kuandikwa iliandikwa kwanza kwa dhana, kisha kwa ngano, na baada ya muda mrefu kwa ushahidi.

Mfarishi ni nguo ya kujifunikia au ya kutandika yenye tabaka tatu: uso wa juu, pamba au sufu katikati, na bitana chini. Tabaka hizo hushikizwa pamoja kwa mishono inayopenya zote. Uso wa juu ukiwa umeungwa kwa vipande vya vitambaa mbalimbali, huo ni mfarishi wa viraka. Sanaa hii haikuzaliwa Marekani. Kuna mfarishi ulioshonwa Sisilia baina ya mwaka 1360 na 1400 hivi, wenye picha za kisa cha Tristan, ambao vipande vyake vimehifadhiwa London na Florence. Bara Hindi nako walikuwako mafundi hodari ambao kazi zao zilisafirishwa hadi Ulaya kwa karne kadhaa. Lakini Marekani ndiko mfarishi wa viraka ulikoenea nyumba kwa nyumba, na ndiko ulikofanywa alama ya taifa. Jambo likishafanywa alama ya taifa, kila mtu hutaka limsimulie hadithi anayoipenda.

Hadithi ya kwanza kupendwa ilikuwa hii: kwamba wanawake wa walowezi wa mwanzo, kwa ufukara na kwa kukosa nguo, walikusanya matambara wakayaunga ili watoto wasife kwa baridi. Hadithi hiyo ilistawi mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati ambapo Wamarekani wengi walitamani maisha ya kale waliyoyadhani kuwa safi na ya utulivu. Kitabu cha kwanza kizima juu ya historia ya mifarishi, alichokitoa Marie Webster mwaka 1915, kilitoka katika hali hiyo. Kwa miaka zaidi ya sitini dhana hiyo ilirudiwa bila ya mtu kuitia katika mizani.

Mtu aliyeitia katika mizani ni Sally Garoutte wa California. Mwaka 1980 yeye na wenzake waliunda chama cha watafiti wa mifarishi, wakaanza kutoa jarida la kila mwaka. Garoutte alizipekua orodha za mirathi za karne ya kumi na saba na ya kumi na nane, zile zilizoandikwa mtu alipofariki ili mali yake igawiwe. Humo mlihesabiwa sufuria, viti, mablanketi na shuka. Mifarishi ilikuwa michache mno, na ilipotajwa ilitiwa thamani kubwa, katika nyumba za wenye uwezo. Maskini walijifunika mablanketi. Hivyo, mfarishi wa viraka haukuzaliwa na uhaba wa nguo. Ulienea katika karne ya kumi na tisa, pale vitambaa vya pamba vilipokuwa tele na rahisi, hata mke wa mkulima akaweza kununua kitambaa chenye maua na kubakiwa na vipande.

Ugunduzi huo waonekana mdogo, lakini unafungua swali kubwa. Vitambaa hivyo vilikuwaje rahisi? Jibu ni kwamba tangu mashine ya kuchambulia pamba ilipobuniwa mwaka 1793, mashamba ya pamba yalitanda kusini mwa Marekani, nayo yalilimwa na watumwa. Kufikia mwaka 1860 watumwa nchini humo walikaribia milioni 4, na marobota ya pamba yaliyovunwa kwa mwaka yalikuwa milioni 4 hivi. Pamba hiyo ilipelekwa katika viwanda vya Uingereza na vya Massachusetts, ikafumwa, ikatiwa rangi, ikauzwa duniani kote.

Kwa watu wa visiwani na wa mwambao, hapa khabari inabisha hodi nyumbani. Merikani, kile kitambaa cheupe kigumu kilichovaliwa na kufanywa sarafu katika njia za misafara hadi maziwa makuu, kilipata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem aliwasili Unguja kuwa balozi wao wa kwanza. Merikebu za Salem zilileta majora ya merikani na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Katika mashamba ya karafuu, merikani ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa, ama nyeupe kama ilivyo, ama iliyotiwa rangi nyeusi ikawa kaniki. Basi pamba iliyochumwa na mtumwa kusini mwa Marekani ilimsitiri mtumwa wa Unguja, na wawili hao hawakujuana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, merikani iliadimika katika soko la Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi yake.

Mwaka huo huo wa 1837 ambao Waters alitia nanga Unguja, katika jimbo la Georgia, karibu na mji wa Athens, alizaliwa utumwani mtoto wa kike aliyeitwa Harriet. Baadaye aliolewa na Armstead Powers, akazaa watoto wasiopungua tisa, na akapata uhuru pamoja na wenziwe mwaka 1865. Yeye na mumewe walijinyima hata wakapata shamba dogo lao wenyewe. Pamba aliijua tangu shambani hadi kwenye sindano. Mwaka 1886, katika maonyesho ya pamba mjini Athens, aliutundika mfarishi alioushona kwa mkono na kwa cherehani. Haukuwa wa viraka vya mraba kama mingine. Juu yake alikata maumbo ya watu, wanyama, nyota na jua, akayabandika na kuyashona katika sehemu kumi na moja. Humo wamo Adamu na Hawa katika bustani pamoja na nyoka, Kaini akimuua nduguye, Yakobo akiota ngazi ya mbinguni, na Yuda na vipande vyake thelathini vya fedha.

Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, aliuona akautaka. Harriet Powers akakataa kuuza kwa bei yoyote. Baada ya miaka minne hivi, dhiki ikamkaba. Alipanda gari la ng'ombe, mfarishi ukiwa mapajani mwake, umetiwa katika mfuko safi wa unga na juu yake gunia, akaenda kwa mwalimu. Alitaka dola 10. Mwalimu akasema hana zaidi ya dola 5. Akashauriana na mumewe, kisha akaupokea uamuzi huo na kuuacha mfarishi. Lakini kabla ya kuondoka alimweleza Smith maana ya kila picha, naye Smith akaandika. Baada ya hapo alirudi zaidi ya mara moja kuutazama tu mfarishi wake, kama mzazi atembeleaye mtoto aliyemwoza mbali.

Mfarishi wake wa pili ujulikanao una sehemu kumi na tano, nao umo katika jumba la makumbusho la Boston. Ule wa kwanza umo Washington. Katika huu wa pili, visa vya Biblia vimechanganywa na matukio ya nchi: siku ya tarehe 19 Mei 1780 ambapo mchana ulikuwa kiza, usiku wa tarehe 13 Novemba 1833 ambapo vimondo vilinyesha hata watu wakadhani kiyama kimesimama, na baridi kali ya Februari 1895. Matukio mawili ya kwanza yalitokea kabla hajazaliwa. Aliyapokea kwa masimulizi ya wazee, akayatia katika nguo. Kwa hiyo Harriet Powers hakuwa mshoni tu wa vitu vizuri. Alikuwa mwanahistoria katika maana kamili ya neno hilo: alipokea khabari, akazichagua, akazipanga, akazihifadhi.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wataalamu waliomsifu walimdhania kuwa hajui kusoma. Ilionekana ni jambo la dhahiri: mwanamke, mweusi, aliyezaliwa mtumwa, anayesimulia Biblia kwa picha. Sifa zote alizopewa zilijengwa juu ya dhana hiyo, kwamba ni mtu wa maumbile aliyeyasikia mahubiri akayashona. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alichapisha kitabu kilichotoa hadharani nakala ya barua ya mwaka 1896, ambayo Harriet Powers alimwandikia bibi mmoja wa jimbo la Iowa aliyevutiwa na kazi yake. Katika barua hiyo anasimulia maisha yake, anaeleza kwamba alijifunza kusoma, na anataja mifarishi yake isiyopungua minne, ukiwemo mmoja wa karamu ya mwisho ya Yesu ambao haujapata kuonekana tena. Barua moja iliyokuwa imelala miongoni mwa makaratasi ya watu ilitosha kuivunja dhana ya miaka mingi. Kaburi lake nalo lilikuwa limepotea katika vichaka vya makaburi ya weusi mjini Athens. Lilipopatikana katika miaka ya mwanzo ya karne hii, jiwe lake likaonyesha kuwa alifariki tarehe 1 Januari 1910.

Kisa hiki chafaa kuwekwa kando ya kingine, ambacho kimeenea zaidi na kupendwa zaidi. Mwaka 1999 kulitolewa nchini Marekani kitabu kilichodai kwamba mifarishi ilikuwa na lugha ya siri. Kwa mujibu wa kitabu hicho, kilichojengwa juu ya masimulizi ya mama mmoja muuza mifarishi katika soko la Charleston, mifarishi ilianikwa nje kwa mpango maalumu ili kuwapa watumwa khabari za kutoroka: pambo hili maana yake kusanyeni zana, pambo lile maana yake pandeni gari, jingine maana yake fuateni njia ya dubu milimani. Hadithi hiyo ni tamu. Iliingia mashuleni, ikaingia katika vitabu vya watoto, ikaingia hata katika majumba ya makumbusho.

Watafiti wa mifarishi, Barbara Brackman akiwa miongoni mwao, waliichunguza wakakuta haisimami. Baina ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kuwahoji watu waliozaliwa utumwani, na masimulizi zaidi ya 2,300 yakakusanywa. Humo watu wanaitaja mifarishi, wanazitaja sherehe za kushona pamoja, na wanawataja waliotoroka. Lugha ya siri ya mifarishi hawaitaji. William Still wa Philadelphia, aliyewapokea mamia ya watoro na kuziandika khabari zao katika kitabu cha mwaka 1872, naye hakuitaja. Tena baadhi ya mapambo yanayodaiwa kuwa alama za siri, kama lile la pete mbili za ndoa, yalienea baada ya mwaka 1920, vizazi viwili baada ya utumwa kukomeshwa.

Mwaka 2007 ugomvi ulitokea New York, ilipopangwa kwamba ukumbusho wa Frederick Douglass utandikwe sakafu yenye alama hizo. Wanahistoria walikumbusha kwamba Douglass aliandika maisha yake mara tatu katika vitabu vitatu, na wala hakusema aliokolewa na mfarishi. Alitoroka mwaka 1838 kwa gari moshi, akiwa amevaa mavazi ya baharia na mkononi ana hati ya kuazima.

Wapo wanaouliza: kuna ubaya gani? Hadithi inawapa watoto fahari, inawatukuza wanawake weusi, haimdhuru mtu. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Ubaya ni kwamba hadithi tamu hukaa mahali pa khabari ya kweli, na khabari ya kweli hukosa pa kukaa. Mtoto aliyefundishwa kwamba mfarishi ulikuwa ramani hatauliza ni nani aliyeushona, aliupata wapi uzi, aliushona saa ngapi, na ulikwenda wapi baada ya kufa kwake. Gladys-Marie Fry, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alikusanya habari za mifarishi iliyoshonwa na watumwa, mingi ikiwa imeshonwa kwa ajili ya vitanda vya mabwana wao na kurithiwa na watoto wa mabwana hao kama kazi ya bibi wa nyumba. Huo ndio wizi wa kwanza: kazi ilichukuliwa pamoja na jina. Kuwazulia washonaji hao siri ambazo hawakuwa nazo ni kuwachukulia tena kilichobaki. Safari hii mchukuaji ni mpenzi wao, naye anachukua huku akiwasifu.

Kosa la namna hiyo halikufanywa na watunzi wa ngano pekee. Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wenye elimu kubwa walieleza kwamba mifarishi ya Wamarekani weusi hutambulikana kwa mistari mirefu, rangi kali na mapambo yasiyofuata kipimo, na kwamba hayo ni urithi wa moja kwa moja wa Afrika Magharibi. Upo ukweli ndani yake: maumbo ya Harriet Powers yamelinganishwa na nguo za mafundi wa Abomey, nao ulinganisho huo unastahili kufikiriwa. Lakini Cuesta Benberry, mwanamke mweusi wa St. Louis aliyetumia umri wake kuzikusanya habari za mifarishi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba washonaji weusi walishona kila mtindo. Walishona iliyopimwa kwa rula na isiyopimwa, ya hariri na ya matambara. Kuwafungia katika mtindo mmoja kulikuwa ni kuwanyima uhuru wa fundi kuchagua.

Utafiti ulio bora umekwenda kwa njia ya haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1981 katika jimbo la Kentucky watu waliitwa walete mifarishi iliyokuwa makabatini mwao. Ilipimwa, ikapigwa picha, na wenyewe wakaulizwa: nani aliishona, alizaliwa lini, aliishi wapi? Majimbo mengine yakafuata. Watafiti walijifunza pia kuisoma nguo yenyewe. Rangi zitokanazo na lami ya makaa ya mawe hazikuwako kabla ya mwaka 1856. Kuna rangi nyekundu iliyoingia sokoni mwaka 1885, ikapewa jina la Kongo katika siku zile zile Wazungu walipokuwa Berlin wakiigawana Afrika. Rangi hiyo hupauka upesi, na nguo iliyo nayo haiwezi kuwa ya wakati wa utumwa. Kwa njia hiyo nguo isiyo na maandishi huweza kutoa tarehe.

Tofauti yaonekana pia katika namna mifarishi inavyoonyeshwa. Mwaka 1971 jumba moja kubwa la sanaa la New York liliitundika mifarishi ukutani mithili ya michoro ya kisasa, na watazamaji wakastaajabu. Lakini majina ya walioishona kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Mwaka 2002 ilipoonyeshwa mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha wazao wa watumwa kilichozungukwa na mto wa Alabama, kila mfarishi ulikuwa na jina la mshonaji wake. Miaka mitano baadaye baadhi ya washonaji hao walikwenda mahakamani kudai haki za malipo na za matumizi ya kazi zao, na mwaka 2008 kesi zikamalizwa kwa maafikiano. Jina likishaandikwa, haki nayo hupata pa kushika.

Somo hili linawahusu watu wa mwambao kwa karibu. Kanga, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, ilianza wakati wanawake walipoacha kukata leso mojamoja na badala yake wakaziunganisha sita pamoja ziwe vazi moja. Kwa maneno mengine, kanga ya kwanza ilikuwa kazi ya kuunga vipande. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, anajulikana, na alama yake ya «Mali ya Abdulla» imechapwa katika pindo za kanga zisizohesabika. Wanawake walioziunga zile leso hawana jina hata moja. Hali kadhalika washonaji wa kofia, ambao kwa majuma na miezi hutoboa na kujaza vijitundu vidogo kwa uzi mweupe, kazi zao huvaliwa msikitini na harusini, na majina yao hayavuki mlango wa nyumba.

Mabibi wa namna hiyo wangalipo, na wajukuu wao wangali wanakumbuka nani alimfundisha nani. Kinachotakiwa si kuwatungia siri. Yatosha mtu mwenye daftari kwenda kwa mshonaji, kukaa naye barazani, kuuliza jina lake kamili, mwaka aliozaliwa, aliyemfundisha kushika sindano, bei aliyolipwa na aliyemlipa, kisha kuandika majibu kama yalivyo. Jennie Smith alimpunja Harriet Powers dola 5, na hilo halina udhuru. Lakini alichukua kalamu akaandika aliyoambiwa, na kwa sababu hiyo leo dunia inajua ni nini kilichoshonwa katika zile sehemu kumi na moja, na ni nani aliyezishona.